Sahani ya Phares

Alhamisi hiyo Mideva aliingia kemisti ya Lorine, pale Buruburu, akaomba vidonge vyake vya manjano, vile vidogo vya mafua na mwasho ambavyo yeye alivitumia kutafutia usingizi. Akaambiwa hauziwi.

"Mama Seth, ulivinunua Jumatatu," Lorine alisema kwa upole. "Na jana ukarudi."

"Jana sikutoka nyumbani mimi."

"Ulisimama hapo hapo, na sweta hiyo hiyo."

Mideva akaitazama sweta yake kana kwamba ndiyo iliyomchongea. Halafu hasira zikampanda. Tangu lini mwenye duka akakataa kuuza? Mfamasia ni mtu wa kuhesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha, basi. Maswali mwachie daktari. Lakini binti huyu siku hizi alikuwa na mashine ya presha, kiti cha wagonjwa, hata pazia, na sasa alitaka kujua kama mama kinywa kinamkauka. Kilimkauka kweli. Lakini kilimhusu nini?

Alitoka bila kuaga, na njiani akaikosa nyumba yake, nyumba aliyoishi miaka thelathini na minane. Alisimama kwenye geti la watu wa kona akiwagombeza kwa kubadilisha kufuli, mpaka jirani akamshika mkono akamrudisha.

Ajabu ni kwamba Mideva alikuwa mtu wa namba. Alikaa kwenye swichibodi ya reli miaka ishirini na sita, na kila ofisi aliijua kwa namba yake bila kuangalia daftari. Hata mumewe Phares alimpata huko huko. Phares alikuwa karani wa bohari, na alikuwa akipiga simu kuomba ofisi ambazo hazipo, ili tu asikie sauti ya msichana wa swichibodi. Sasa ukimwuliza namba ya bohari ilikuwa ngapi, anakutolea macho.

Phares alizikwa Agosti iliyopita. Mchana Mideva alilijua hilo vizuri. Jioni lilimtoka. Alipakua sahani mbili, akaifunika moja, akaketi kumngoja.

Jioni hiyo mwanawe Seth alifika kutoka kazini, akaambiwa habari za geti, akaikuta na ile sahani imefunikwa.

"Mathe, hii sasa imezidi," alisema. "Keshokutwa Jumamosi nakupeleka Vihiga kwa Anti Nabiswa. Huwezi kubaki hapa peke yako. Siku moja utachoma nyumba."

Akamfungia mabegi mawili, akayaweka mlangoni. Mideva aliogopa. Vihiga ni kwao, hakuna ubaya, lakini angekuwa mtu wa kuongozwa chooni kwa mkono. Tena palikuwa na jambo lililomtisha zaidi, ambalo hakuthubutu kumwambia Seth. Phares akirudi akute nyumba imefungwa, atakwenda wapi?

Ijumaa asubuhi, kabla Seth hajaenda kazini, Lorine aligonga mlango mwenyewe. Jirani alikuwa amempigia.

"Naomba nione dawa zote zilizomo humu ndani," alisema. "Zote, mama. Hata zile umesahau."

Mideva hakuelewa kama anatibiwa au anapekuliwa. Dawa zikatoka mlangoni pa jokofu, chini ya mto, na ndani ya birika la harusi ambalo halijawahi kuona chai. Zikajaa meza.

Lorine akazitenga tatu: vidonge vya manjano, dawa ya kikohozi iliyonunuliwa Jogoo Road, na vidonge vya kibofu vya kliniki.

"Majina yake ni tofauti," alisema, "lakini zote tatu zinalevya kichwa. Kwa mtu wa miaka sabini na tatu, zikikutana zinaweza kumvuruga kabisa. Na hivi vya manjano nimekuuzia mimi. Kila siku nilikuuliza habari za nyumbani, lakini sikukuuliza unavimezaje. Nisamehe, mama."

"Kwani wewe ni daktari?" Seth aliuliza.

"Mimi ni mfamasia. Ya kibofu siiondoi. Nampigia aliyeiandika sasa hivi, ukinisikia, na nitamwomba ampime mama, isije ikawa kitu kingine. Hizi mbili naondoka nazo. Nipe wiki mbili. Siahidi kitu."

Seth aliyatazama mabegi, akamtazama mama yake.

"Wiki mbili," alisema. "Zikiisha na bado ni hivi, tunaenda."

Daktari akabadilisha dawa ya kibofu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya taabu. Mideva hakupata usingizi, na kila asubuhi Lorine alipopita kumpima presha, alimtukana bila haya. Lorine alitukanwa, akaandika presha, akaenda zake.

Jumanne ya wiki ya pili, Mideva alikuwa akisuuza vikombe. Mia tatu arobaini na saba. Namba ilimjia yenyewe, safi, kama vile simu imeita. Bohari! Akampigia Seth kazini kumwambia, kisha akamtajia mhasibu, karakana na ofisi ya tiketi, moja baada ya nyingine, mpaka kijana akacheka na kulia kwa pamoja. Alipofika jioni, kabla hajavua koti, aliyabeba mabegi akayarudisha chumbani.

Mideva alikuwa jikoni. Alisonga ugali, akakaanga mboga, akatoa sahani mbili kabatini kama alivyozoea. Akasimama akizitazama. Kisha akairudisha moja, akafunga kabati, akaketi chini sakafuni akalia, kilio ambacho hata Agosti kaburini hakikumtoka.

Seth alikuja mbio.

"Mathe, ni nini? Umechanganyikiwa tena?"

"Hapana, mwanangu," Mideva alisema. "Sijachanganyikiwa. Baba yako amekufa."