Mgongo wa Mkwe

Dorca alimdanganya binti yake mara moja tu kuhusu ile ngoma, na uongo wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuuhesabu kuwa uongo. "Jumamosi nitakuwa pale shambani nauza mboga," alimwambia Becky kwenye simu. "Kuna watu wanakuja kuona vile tunapanda. Mambo ya kikundi tu." Hakusema ngoma. Hakusema kwamba yeye, mama mzima mwenye nafasi yake kanisani, angekuwa katikati ya uwanja, sketi imepandishwa juu ya magoti, miguu imejaa tope, akitikisa mabega mbele ya umati. Alisema mboga, akakata simu, akajiona mjanja.

Ujanja huo ndio uliomponza.

Shamba lenyewe liko mtaa wa Migosi, Kisumu, nyuma ya nyumba za kupanga, mahali palipokuwa jaa la taka hadi kina mama walipochoka na nzi. Walizoa taka, wakaleta udongo kwa mkokoteni, wakapanda sukuma wiki kwenye magunia, managu ndani ya matairi ya lori na kunde kando ya ua. Wenye nyumba, ambao hawakuwahi kuokota hata chupa moja, sasa walipita wakipasifu kana kwamba wao ndio waliopalima.

Ndipo akaja Vaishali, msichana wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, ambaye kwao wana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Yeye alilikataa duka, akaenda kusomea dansi, akarudi kufundisha watoto. Siku moja alikuja kununua managu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawatazama kina mama wakipalilia mpaka wakaanza kuulizana kama ni mgonjwa. Mwishowe akasema anataka kutengeneza ngoma kutokana na kazi yao, ichezwe hapo hapo shambani, na wachezaji wawe wao.

"Ngoma gani, yawa?" aliuliza Caren, mwenyekiti wa kikundi na rafiki wa Dorca wa siku nyingi. "Sisi hapa tunainama tu. Hii si ngoma, hii ni kuumwa na mgongo."

"Basi hiyo hiyo, Mama," Vaishali alisema. "Vile mnainama, vile mnainuka mkishika kiuno. Mimi siwezi kuwafundisha hiyo. Mnajua tayari."

Walimcheka, lakini kesho yake walifika wote mapema.

Katika mazoezi ilijulikana haraka nani ni nani. Caren alicheza kama mtu anayetafuta kiatu gizani, na hakujali. Dorca, aliyeanza kwa kujificha nyuma, alijikuta amesogezwa katikati na wenzake wenyewe. Zamani kwao Uyoma alikuwa msichana wa kuitwa kwenye kila sherehe. Kisha akaolewa, na mumewe Opondo akafa Becky akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu mazishi yale hakuna mtu aliyemwona Dorca akicheza. Hakuna aliyemkataza. Alijua tu kwamba mjane anayelea mtoto peke yake anatazamwa na macho mengi, akaamua kuyapa macho hayo kitu kisichosemeka vibaya. Miaka ikapita hivyo, na mwili wake ukamsubiri. Siku ya kwanza ya mazoezi Vaishali alipopiga makofi na kiuno chake kikaitika chenyewe, Dorca alikaribia kulia kwa furaha.

Basi kwa nini asimwambie binti yake? Kwa sababu ya Fabian.

Fabian alikuwa ameshafika nyumbani kujitambulisha, na mwezi uliofuata wazee wake walitarajiwa kuja kumaliza maneno ya ndoa. Tangu siku ile Dorca alikuwa maro, mama mkwe, na kwa Wajaluo maro hachezewi. Mkwe hali naye meza moja. Hamkodolei macho. Na mama mkwe naye hajianiki mbele ya mkwe: hapandishi nguo, hapigi kelele za ovyo, sembuse kutikisa kiuno. Wapo wazee ambao wakisikia maro amefanya hivyo wangerudisha kofia kichwani na kuondoka bila kuonja chai, na Becky angebaki na gauni lake kabatini.

Lakini Fabian alifanya kazi Nakuru, na Nakuru si hapo sokoni Kibuye. Dorca aliona kwamba akinyamaza vizuri, atacheza mara hii moja, ataoga, na dunia itaendelea.

Jumamosi watu walijaa. Walikuja wapangaji wa Migosi na watoto wao, wakaja wachuuzi wa Kibuye waliofunga vibanda mapema, na hata magari ya matajiri wa Milimani yaliegeshwa barabarani, wenyewe wakishuka kwa uangalifu wasikanyage tope. Spika ililia mara moja vibaya, ikatulia. Ngoma ikapigwa.

Kina mama waliingia wakipanda mbegu kwa vidole vya miguu. Wakapalilia. Wakafukuza ndege kwa leso, na watoto wakapiga kelele za furaha. Kisha ikafika sehemu ya mvua. Hapo wanawake walitakiwa kupandisha sketi, kuzifunga kiunoni na kukanyaga tope lililomwagiwa maji asubuhi ile, huku wameshika kamba ndefu ya leso zilizofungwa pamoja kama matawi ya mmea wa pasheni. Fundo la katikati lilikuwa mikononi mwa Dorca. Wengine wote waliegemea nyuma wakimtegemea yeye.

Alicheza. Kusema kweli alicheza hadi wapigaji wakaanza kumfuata yeye badala ya yeye kuwafuata. Mtu fulani alipiga kigelegele. Dorca akainua uso kucheka, na pale mbele ya watu, karibu kabisa na matairi ya managu, akamwona Becky.

Becky alikuwa amebeba kikapu kikubwa kitupu. Dorca alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona sufuria inateleza kabla haijaanguka. Binti yake alikuwa amekuja kumuunga mkono mamake. Na kwa kuwa mama anauza mboga tu, na kununua mboga kwa mama mkwe ni heshima na si kosa, alikuwa amekuja na mchumba wake, aliyetoka Nakuru kumtembelea.

Fabian alisimama kando yake, shati amelichomekea. Macho yake yalikuwa juu ya Dorca, juu ya magoti yake, juu ya tope la mapajani. Kisha akageuka, akampa mgongo.

Aibu ilimpanda Dorca kutoka miguuni mpaka kwenye masikio. Alijua maana ya mgongo. Mgongo ni mtu aliyekukataa. Aliwaona wazee wakirudisha kofia vichwani, akamwona Becky akikunja gauni. Akaliachia fundo, akakimbia.

Hakuangalia nyuma. Alisikia tu leso zikilegea, kishindo, kisha kicheko kikubwa cha watu wote pamoja. Aliingia kwenye kibanda cha mabati wanamowekea majembe na mbolea, akavuta mlango, akakaa chini kati ya magunia, akishusha sketi yake kwa mikono yote miwili kana kwamba bado kuna mtu anamtazama.

Mlango ulifunguliwa na Caren. Upande mzima wa nguo yake ulikuwa tope, na alishika nyonga.

"Nyar Uyoma," alisema, akimwita kwa jina la kwao, kama alivyomwita siku zote akiwa amekasirika. "Umeniangusha. Umeniangusha chini kama gunia, watu wanacheka mpaka wanalia. Mimi nilikuwa nimekuegemea wewe!"

"Mkwe wangu yuko pale nje."

Caren aliiachia nyonga. "Yule wa Becky?"

"Ameniona hivi vile niko. Akanipa mgongo." Dorca alijifunika uso. "Nimemharibia mtoto wangu, Caren. Nimemharibia na wewe nimekuangusha. Sina uso."

Caren alikaa juu ya gunia la mbolea na kuanza kujipangusa. Hasira yake ilikuwa imemwishia, na hilo lilimuumiza Dorca zaidi, maana hasira angalau angeijibu.

Becky aliingia akiwa bado na kikapu. Hakusalimia.

"Mama, toka umalize. Wamesimamisha kila kitu. Vaishali anazunguka pale analia."

"Mwambie Fabian mimi..."

"Angalia hapo." Becky alimwonyesha upenyo kati ya mabati.

Dorca alisogea, akachungulia. Umati wote ulikuwa umeelekea shambani isipokuwa mtu mmoja. Fabian alikuwa palepale alipokuwa, safu ya mbele kabisa, ameelekea barabarani, mikono ameifunga kifuani, jua linampiga usoni. Watu waliomzunguka walikuwa wakimtazama yeye badala ya shamba. Kijana mmoja alimgusa bega akamwambia kwa sauti, "Buda, show iko huku nyuma," na wenzake wakaangua kicheko. Fabian alitikisa kichwa, hakugeuka.

"Nilimwambia twende," Becky alisema. "Akakataa. Akasema akiondoka utafikiria amekasirika, na akikaa akiangalia, hiyo ni mbaya hata zaidi. Basi ameamua kusimama hivyo. Amesema hageuki mpaka mama amalize."

Dorca alibaki na jicho kwenye upenyo. Mgongo ule ulikuwa heshima, na yeye aliuchukua kama tusi. Sasa mtu mzima, mtoto wa watu, alikuwa amesimama juani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, anachekwa na vijana wa Migosi, kwa sababu maro wake alikimbia. Kama angeendelea kucheza, hakuna hata mmoja pale angemwona Fabian. Dorca alitamani magunia yale yamfunike.

"Na wazee wake?" alinong'ona.

"Wazee wako kwao. Nani atawaambia? Fabian?" Becky alishika mlango, ukabaki wazi. "Mama, jua ni kali."

Akatoka. Ilikuwa ngumu kuliko kukimbia. Alitembea hadi katikati, watu wakinong'ona, na Caren akichechemea nyuma yake. Vaishali alifuta macho kwa kiganja, akawapa wapigaji ishara. Dorca aliokota fundo la leso kutoka kwenye tope. Akawaangalia wenzake mmoja mmoja, akaona wanasita, na alikuwa amestahili kusitiwa. Caren ndiye wa kwanza kuegemea. Wengine wakafuata.

Alipandisha sketi, akacheza mvua mpaka ikaisha. Hakucheza kwa furaha kama mara ya kwanza. Uso ulimwaka muda wote, na kila alipoinuka aliuona mgongo ule wa shati lililolowa jasho, umesimama wima mbele yake, ukimngoja. Lakini fundo hakuliachia. Mwisho ulipofika na watu wakapiga makofi, Fabian naye alipiga, akiipigia barabara. Kisha akaondoka polepole kuelekea kwenye bodaboda bila kutazama nyuma, ili mama mkwe apate kunawa na kujisetiri.

Dorca alikuwa kwenye mfereji wa bomba akiosha miguu Becky alipomfuata.

"Nitamwomba msamaha kupitia kwa mjomba wako," Dorca alianza haraka. "Nitafanya vile inatakiwa. Na wewe, nyathina, mwanangu, usiogope. Mimi sikujua atakuja. Ningejua..."

"Fabian yuko sawa, Mama. Ameshasahau. Anasema hata hakuona kitu, na atasema hivyo mpaka afe."

"Asante Mungu."

Becky hakuondoka. Alihamisha kikapu kutoka mkono huu hadi mwingine.

"Yule mama nilisimama karibu naye aliniuliza, 'Huyo wa katikati ni nani?' Nikamwambia sijui. Sikuwa nakukana, Mama. Sikukujua. Nilikuangalia mpaka ukainua uso ndio nikajua ni wewe." "Nimelala kitanda kimoja na wewe mpaka nikaenda sekondari. Sijawahi kukuona ukicheza. Hata jikoni. Nilikuwa nafikiria haupendi."

"Becky, ilikuwa sababu ya mkwe. Ningekuambia vipi? Wewe ungemwambia, halafu..."

"Fabian mila inamkataza kukuona," Becky alisema. "Mimi nani alinikataza?"

Dorca alifungua mdomo kutaja kanisa, kutaja ujane, kutaja macho ya watu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomhusu mtoto huyu aliyesimama mbele yake na kikapu kitupu. Macho aliyoyanyima zaidi miaka yote hiyo yalikuwa haya haya, na hayakuwahi kumtaka chochote ila kumtazama. Mkwe alikuwa na njia ya kumsitiri, akamsitiri. Kwa aibu hii ya pili hapakuwa na mila yoyote, wala kibanda cha kukimbilia.

Alifunga mfereji. Alisimama mbele ya binti yake, miguu mitupu inachuruzika maji, akakipokea kikapu kutoka mkononi mwake.