Mwalimu Langoni mwa Ukwe

Siku ile mjinga alikuwa Guanglu, na mwenyewe hakatai. Alipanda mlima na kikapu cha wali wa kunata, kwenda kumwona kwa mara ya kwanza bintiye wa miezi minne, aliyezaliwa ukweni. Langoni akawakuta wanawake wameziba njia kwa mafagio na nyuzi, wakimwimbia. Desturi ni kwamba mgeni hapiti mpaka awajibu kwa wimbo.

Guanglu, mwalimu mwenye sauti ya chura, akaona atumie elimu.

"Mama zangu, binadamu alianza kusema. Nyimbo zilikuja baadaye, pambo tu. Nimeshapiga hodi, inatosha!"

"Hodi yenyewe haina chumvi!" akadakia shemeji yake. Wenzake wakaangua kicheko, wakaanza ubeti mwingine.

Mgongoni kwa mama mkwe, mtoto akainua kichwa. "Aaa-uuu," akafuatisha, akipanda na kushuka na sauti zao.

Guanglu akanyoosha mikono ampokee. Ufagio ukamzuia kifuani.

"Mwanao hajui neno hata moja, na wimbo ameshaudaka," akasema mama mkwe. "Haya, mkwe wangu, imba. Au kaa hapo nje mpaka ajifunze kusema, umweleze kwamba ameanza kinyume."