Mafuta Matupu

Zamani nilipenda uturi. Siku hizi mtu aliyejipaka akinipita kwenye ngazi za afisi, naziba pua kwa mkono wa koti na kungoja apite. Wenzangu wa zamu nyingine hucheka. Charo na Gunga hawacheki, maana walikuwa nami ile Ijumaa dukani kwa Jaffar, muuza uturi.

Mimi ni Loise, kiongozi wa zamu katika zimamoto ya kisiwani. Simu iliingia asubuhi kutoka Mji wa Kale, na aliyepiga ni mwenye duka mwenyewe. Alisema pipa limepinduka katika ghala lake, limemwagikia chetezo cha udi, moto umewaka, na juu ghorofani kuna mama mtu mzima hawezi kushuka.

"Kilichomwagika ni nini?" nilimuuliza.

"Mafuta."

"Mafuta gani, bwana?"

"Mafuta yangu ya dukani. Mafuta matupu. Njooni upesi, dada, twafa huku!"

Swali hilo si udaku. Moto wa mafuta tunaufunika kwa povu, kama unavyofunika karai la mahamri lililoshika moto. Spiriti haifunikiki hivyo. Povu la kawaida ukilimwagia spiriti linanywewa, linayeyuka, na moto unabaki palepale ukikutazama. Spiriti ina povu lake, nalo ni ghali na haba. Sisi tulikuwa na madumu machache tu nyuma ya gari, hatuyagusi ila kwa haja. Nikiambiwa mafuta, natoa povu la mafuta.

Gari haliingii vichochoro vile. Tuliliacha upande wa Ngome, tukaburura mipira ya maji kwa mikono, tukiwapigia kelele wenye mikokoteni watupishe. Harufu ilitupokea kabla hatujaliona duka. Waridi, asumini, miski na ambari, vyote kwa pamoja, juu yake plastiki inayoungua, na chini yake uvundo wa mtaro wa maji machafu. Ni kama mtu amepaka halua juu ya kidonda. Siku nyingine pua yangu ingeitambua spiriti kutoka mbali, lakini siku hiyo ilizibwa kwa maua.

Mbele ya duka nikakuta kituko cha kwanza. Uturi ulikuwa ukichuruzika chini ya mlango wa ghala na kuingia mtaroni, na wanaume wazima, wamevaa kanzu zao nyeupe za Ijumaa, wamechutama mtaroni wanachovya vitambaa. Mmoja alikuwa akijaza chupa ya maji. Huku mtaro unapita choo cha jirani! Huku moto unanguruma nyuma ya ukuta! Wengine walikuwa wameinua simu wanapiga picha.

"Ya bure hii, dada," aliniambia yule wa chupa, akitabasamu.

Niliipiga teke chupa yake. Nikawaswaga wote mpaka upande wa pili wa kichochoro, na nilitumia maneno ambayo mama yangu kule Kaloleni akiyasikia ataniombea.

Jaffar alikuwa amesimama barazani, kofia imekaa sawa kichwani. Juu ya mlango wake kulikuwa na kibao cha kijani kilichoandikwa kwa hati nzuri: Mafuta Matupu, Hayana Spiriti. Kibao hicho kilimpa wateja mji mzima. Waumini wengi hawataki kwenda kuswali na kitu chenye spiriti mwilini, na kwa Jaffar walinunua wametulia. Ijumaa ndiyo siku yake kubwa, na wateja wake walikuwa wamemzunguka pale, pamoja na Maalim Abdulbasit anayesomesha watoto wa mtaa.

"Jaffar, nitazame," nilimwambia. "Humo ndani hamna spiriti?"

Hakunitazama. Alimtazama Maalim, kisha wateja, kisha chini.

"Astaghfirullah! Miye niwauzie spiriti watu wendao kuswali? Mafuta matupu, wallahi."

Aliapa. Mtu akiapa huku mama wa watu yuko juu ya moto, wewe ungemfikiria nini? Mimi nilimwamini.

Mama huyo alikuwa dirishani, nyuma ya nondo za kuzuia wezi. Jina lake Bi Mwanabaraka, mpangaji wa Jaffar, mshonaji wa kofia za viua. Nusu ya vichwa vilivyokuwa kichochoroni pale vilivalia kazi ya mikono yake. Nondo zile zisingekatika upesi, na ngazi ya kushukia ilikuwa moja tu, ya mbao, inapita mlangoni mwa ghala.

"Mwanangu," aliniita, sauti imekauka, "moshi umejaa, siioni ngazi!"

"Tunakuja, mama. Kaa chini, ufunike pua kwa nguo."

Mpango ulikuwa rahisi. Gunga amwage povu ghalani mpaka mguu wa ngazi, Charo apite juu yake, amchukue mama, arudi njia ileile. Gunga akamwaga. Povu likatanda jeupe, nene, moto ukainama. Charo akapita, nikamsikia anapanda, mbao zinalia chini ya buti zake.

Kisha povu likaanza kutoboka. Nililiona kwa macho yangu mawili likididimia kama sukari kwenye chai ya moto, tundu hapa, tundu pale, na katika kila tundu joto linanipiga usoni. Nikamwambia Gunga aongeze, akaongeza. Likaliwa tena. Mguu wa ngazi ukashika.

"Loise!" Charo akapiga kelele kutoka juu. "Siwezi kushuka! Ngazi inawaka!"

Nikageuka nyuma, nikaona ndala iliyokuwa mtaroni inajikunja na kuyeyuka peke yake kwenye jua. Hapakuwa na ulimi wa moto juu yake, au ulikuwapo na jua limeumeza, hewa tu ikitetemeka. Mafuta hayawaki hivyo. Spiriti ndiyo inayowaka mchana usiione. Mtaro ule waliochutamia wale mabwana na vitambaa vyao sasa ulikuwa moto mtupu.

Nikamwendea Jaffar. Sikumbuki kama nilitembea au nilikimbia.

"Ni spiriti!"

Akanishika mkono wa koti. "Njoo kando," akasema.

"Sema hapa!"

"Njoo kando, dada, nakuomba."

Watu wawili wako juu wanavuta moshi, naye anatafuta faragha! Nilimfuata hatua chache mpaka kwenye kona, kwa sababu nililihitaji jibu lake kuliko nilivyohitaji kumzaba kofi. Pale akanisogelea sikio, mdomo unanukia ambari, akaninong'oneza.

"Ni spiriti. Pipa zima. Twachanganya, kila mtu yuwachanganya. Lakini usiseme mbele ya watu. Watanimaliza."

Nilikwishaona maiti za moto, nilikwishaona mambo yasiyosemeka mezani, lakini ule mnong'ono wa ambari sikioni mwangu ndio uliokuwa mchafu kuliko vyote.

"Gunga!" nikapaza sauti mpaka koo likaniuma. "Spiriti! Kalete madumu ya nyuma ya gari! Ni spiriti!"

Kichochoro kizima kikasikia. Gunga akatoka mbio kuelekea Ngome. Mimi nikabaki na mpira, nikiinyunyizia maji ile ngazi isianguke, nikiyazuia yasiingie ghalani yakaubeba moto na kuutoa nje kwa majirani. Simu za watu bado zilikuwa juu. Sikuisikia tena sauti ya Bi Mwanabaraka dirishani.

Yaliyotokea huko juu alinieleza Charo baadaye. Moto ulipofika kichwa cha ngazi, mlango wa chumba ulikuwa wazi na hewa ya dirishani inauvuta ndani. Charo alikuwa akiusukuma kwa bega, na mbao zilikuwa zimevimba, haukai. Bi Mwanabaraka akaja akalishika komeo la chuma, akalivuta mpaka likaingia mahali pake. Charo alikuwa na glavu. Yeye alikuwa na viganja vyake. Komeo lilikuwa limekwisha kuwa moto kama chuma cha mhunzi, na hakuliachia mpaka likaingia.

Gunga akarudi na madumu. Povu lile jingine likatanda, na safari hii halikutoboka. Moto ukafa polepole, kwa kinyongo. Charo akashuka na Bi Mwanabaraka mgongoni, juu ya mbao zilizobaki.

Alikuwa hai. Macho yake yalikuwa mekundu, mtandio umejaa masizi, na mikono ameinyoosha mbele, viganja juu, kama mtu anayeomba dua. Ngozi ya viganja ilikuwa imeachana na nyama. Nilivitazama vidole vile vya kutia sindano, nikayageuza macho.

Nilidhani watu watanyamaza. Mimi nawe tungenyamaza. Lakini tulipopita kati yao na machela, nilisikia wanabishana, na hawakuwa wakibishana juu yake.

"Kwa hiyo swala zangu zote za mwaka huu je?" mmoja aliuliza.

"Itabidi uzilipe."

"Na kanzu? Kanzu itatoharika kwa kufua tu?"

"Nilimwambia mke wangu, mafuta yale yakauka upesi mno!"

Wamemzunguka Jaffar, wanamtemea maneno kwa ajili ya kanzu zao. Yule wa chupa alikuwa ndiye mkali kuliko wote. Mimi ni Mkristo, mambo ya twahara ya nguo siyajui na sijitii ndani. Lakini mama aliyewashonea kofia walizovaa alipita mbele yao amechunika mikono, na aliyempisha njia alimpisha huku anaendelea kusema.

Maalim Abdulbasit ndiye aliyewanyamazisha. Aliwatawanya kwa sauti ambayo bila shaka watoto wa madrasa wanaijua vizuri, akavua shali yake akamfunika Bi Mwanabaraka miguu. Kisha akamgeukia Jaffar, na hakupaza sauti.

"Jambo lenyewe lina khitilafu, Jaffar. Wako wanavyuoni walioruhusu spiriti kwenye uturi. Ungekuja kuniuliza tu."



Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali kumtazama. Bi Mwanabaraka alikuwa amekalishwa kitandani, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko, binti wa jirani yake anamlisha uji kwa kijiko. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kuwa mkono wa kulia vidole havitakunjika tena sawasawa. Aliniambia habari hiyo kwa utulivu, kama anayenieleza bei ya nyanya. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa. Akasema, "Wewe umechelewa nini, mwanangu? Umefanya ulivyoambiwa."

Jaffar akaingia tukiwa hapo. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza hakuwa akinukia chochote. Alipiga magoti sakafuni kando ya kitanda, mtu mzima yule, akalia mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Sikumwonea huruma. Niliona kamasi zake zikiingia ndevuni, nikatamani atoke.

"Niwie radhi, mama," alisema. "Haki ya Mungu sikukusudia. Nalichelea watu."

Kijiko cha uji kilikuwa kimesimama mbele ya mdomo wa Bi Mwanabaraka, akakikwepa kwa kichwa, maana hakuwa na mkono wa kukisogezea.

"Ulichelea watu," alimwambia. "Kwani miye, Jaffar, si mtu?"