Muhuri wa Marehemu Khalaf

Mabruka alikuwa akipuliza moto kwenye bangili ya sita simu ilipolia. Ofisi ya kazi za mikono, hapo hapo Nizwa, Omani, ilimtaka aje leo na kazi zake. Alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Miezi minne alikuwa akiomba aandikishwe kuwa sonara kwa jina lake, tangu binti yake Wiam amsomee kwamba Uingereza, miaka mia tatu nyuma, wajane wa masonara waliandikisha mihuri yao wenyewe ya kugonga kwenye kazi zao.

"Wao wana nini nisicho nacho?" alisema siku ile.

Ofisini, kijana mmoja, Nadhir, alimwamkia, "Shikamoo, bibi," kisha akazikagua bangili kwa lenzi.

"Muhuri huu wa nani?"

"Wa marehemu mume wangu, Khalaf."

"Kafa lini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na bangili?"

"Nimezifanya mwaka huu. Nagonga muhuri wake, mwanangu. Niliona si adabu kuuweka kando."

Nadhir akaiweka lenzi chini. "Wallahi, bibi, hizi ghushi. Maiti hafui fedha. Lazima nizizuie, nifungue faili."

Ghushi! Mabruka alitazama vidole vyake vilivyoungua kana kwamba ni vya mtu mwengine.

Nadhir alitoa bangili kwenye kabati la kioo. "Ya asili hii. Kazi ya Khalaf, wageni wanakuja kuiona."

Mabruka akaigeuza, na hapo ndipo alipostuka zaidi.

"Hii nimeifanya mimi! Khalaf macho yalikwisha zamani, akiuza tu. Tazama nyuzi za fedha, zimesokotwa kwa mkono wa kushoto, sawa na hizi. Yeye akitumia kulia."

"Nani shahidi?"

"Mtaa mzima."

"Mtaa si karatasi, bibi. Khalas, yamekwisha." Akavuta fomu. "Jina la aliyeghushi?"

Miezi minne jina lake halikupata nafasi katika fomu yoyote, leo imepatikana.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Andika Mabruka. Kazi, andika sonara."

Nadhir alisita, akaandika. Bangili za kughushi: sita. Akamsogezea karatasi atie saini.

Mabruka akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Akaikata ile sita, akaandika saba, akaiweka bangili ya kabatini mezani pamoja na zile nyengine. Kisha akatia saini.