Mti Uliohama Woodley

Mti wa jakaranda ulikuwa umeota katikati ya Barabara ya Ngong. Si kando, penye wauza miche na vyungu, bali katikati kabisa, pale magari yanapopita mchana kutwa. Selpher aliikuza picha ya setilaiti hadi ikavunjika kuwa vipande vya mraba, kijivu juu ya kijivu, lami tupu, na nukta yake ya kijani imekaa palepale bila haya. Naye aliujua mti ule. Alikuwa amesimama chini yake mtaani Woodley, kwenye ua wa zile nyumba za zamani za baraza la jiji, akaligusa gome lake kwa kiganja.

Akaitazama nukta ya pili. Mkaratusi ulikuwa juu ya bati la duka. Wa tatu ulikuwa ndani ya kituo cha mafuta. Na tasnifu yake yote ilisimama juu ya nukta hizo.

Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika mifumo ya taarifa za kijiografia na uhisi wa mbali, kwenye chuo kimoja katikati ya jiji. Utafiti wake ulihusu miti iliyopotea katika mitaa mikongwe ya magharibi ya Nairobi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtafiti huenda kwa miguu, akasimama penye mti, akachukua vipimo vya mahali kwa kifaa cha mkononi, kisha akaifundisha kompyuta kwamba hapa ni mti, hapa ni bati, hapa ni lami. Ikishafundishwa, kompyuta huisoma picha ya jiji zima yenyewe. Ikifundishwa uongo, itasema uongo mtaa hadi mtaa, tena kwa kujiamini kama mbunge.

Sasa, si nukta zote zilizokuwa zimeharibika. Zile za safari zake za mwanzo zilikuwa salama, kila mti mahali pake. Zilizohama ni za safari za mwisho. Na za mwisho zote zilikuwa zimepitia vidoleni mwa Mwaura.

Mwaura alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana mpole mwenye mazoea ya kuimba puani akifanya kazi. Walikuwa wamekaa meza moja tangu muhula wa kwanza. Kifaa cha maabara kilikuwa kizee, tundu lake la kebo limekufa, kwa hiyo mtu alilazimika kusoma namba kwenye kioo chake na kuzichapa kwa mkono. Mwanzoni Selpher alifanya yote peke yake. Baadaye, kwa kuwa mvua zilikaribia na muda ulimbana, Mwaura alijitolea: Selpher angesimama chini ya mti Woodley, ampigie simu, amsomee namba, naye akiwa maabara azichape. Wakafanya hivyo kwa siku kadhaa, wakicheka, Mwaura akimwomba arudie pale lori lilipopita. Namba zilizohifadhiwa ndani ya kifaa hufutwa kila kinaporudishwa, ndiyo desturi ya maabara, ili anayefuata apate nafasi. Kwa hiyo ushahidi uliobaki ulikuwa faili aliyoichapa Mwaura, basi.

Lingine ni kwamba wote wawili walikuwa wameomba nafasi moja. Daktari Kilonzo, msimamizi wao, alikuwa na mradi wa ramani za jiji na alihitaji mtafiti mmoja, naye huyo ndiye angeendelea hadi uzamivu. Mmoja tu.

Shaka ikiingia moyoni hailali njaa, hujitafutia chakula. Selpher alianza kukumbuka mambo. Mbona Mwaura alijitolea bila kuombwa? Mbona juzi alifunga dirisha kwenye kompyuta yake Selpher alipokaribia? Mbona alimuuliza mara mbili atakabidhi kazi lini? Hata ule wimbo wa puani, aliouzoea miezi yote ile, sasa aliusikia kama wimbo wa mtu aliyemaliza shughuli yake vizuri.

Hakumuuliza. Hilo ndilo lililomharibia. Badala yake alimweleza binamu yake Jacklyne, aliyeishi naye Kawangware, mwanamke wa maneno makali aliyeuza vipodozi mjini. Jacklyne hakuhitaji ramani wala setilaiti. Aliendelea kusuka nywele zake mbele ya kioo, akasema kwamba watu wawili wakitaka kiti kimoja, mmoja husukumwa, na kwamba Selpher alikuwa anangoja nini, aandikiwe barua ndipo ajue?

Kesho yake Selpher akaenda kwa Daktari Kilonzo. Hakusema uongo, na hili alijiambia mara nyingi baadaye. Alimwonyesha jakaranda barabarani na mkaratusi juu ya bati. Daktari akavua miwani, akauliza ni nani aliyezichapa namba zile.

"Sisemi ni yeye, Daktari," Selpher alisema. "Nasema zilipitia kwake."

Mwaura aliitwa. Alijibu kwamba alichapa alichokisikia. Aliulizwa kama alikuwa na uhakika, akasema ndiyo, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli hadi kujidhuru, akaongeza kwamba simu ilikuwa na kelele na pengine alikosea mahali. Neno hilo, "pengine", ndilo lililommaliza. Katika fani yao mtu anayesemekana kuchezea data ni kama mpishi anayesemekana kutia sumu. Hakuna atakayengoja uthibitisho ndipo asukume sahani. Aliambiwa asikanyage maabara hadi kamati ikutane. Akakusanya vitu vyake kwa upole uleule. Alipompita Selpher alisimama, akataka kusema kitu, akaona alivyokuwa ameinamia kompyuta, akaenda.

Ilibidi Selpher azichukue upya namba zote. Jumanne asubuhi alirudi Woodley na kifaa kilekile. Mlinzi wa lango alimkumbuka, akamtania kwamba miti haijakimbia. Selpher akacheka kwa shida, akaenda chini ya jakaranda, akakiinua kifaa na kungoja kikamate setilaiti. Alikuwa na zile namba za Mwaura kwenye simu, ili alinganishe aone ni tarakimu zipi mtu yule alizozibadilisha.

Kifaa kikatoa namba. Zilikuwa zilezile.

Akadhani amekosea mti. Akatembea hadi kwenye mkaratusi, akangoja, akasoma: zilezile, isipokuwa tarakimu ya mwisho, na hiyo hucheza siku zote. Mwaura alikuwa amechapa alichokisikia. Akafungua mipangilio ya kifaa, na pale, kwenye mstari ambao mtu huupita bila kuusoma, kifaa kilikuwa kimewekwa kwenye mfumo wa zamani wa vipimo, ule wa ramani za karatasi za enzi za babu zao. Picha za setilaiti hutumia mfumo mpya. Kati ya mifumo hiyo miwili, hapa Nairobi, mahali palepale hupishana kiasi cha mita mia tatu hivi.

Na aliyekiweka hivyo ni yeye. Loo, alikumbuka hata siku yenyewe. Alikuwa ametoka River Road kutoa nakala kubwa ya ramani kuukuu ya mtaa, akataka kuona mipaka ya zamani ya Woodley ilipita wapi, akabadilisha mfumo wa kifaa ili kilingane na karatasi. Alikusudia kuurudisha jioni. Hakuurudisha. Hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza hufundishwa kosa hili, na hufundishwa pia dalili yake: nukta zote husogea upande mmoja kwa umbali mmoja. Zote zilikuwa zimesogea kaskazini, na magharibi kidogo. Zilikuwa zimejipanga mbele ya macho yake wiki nzima kama askari wa gwaride, naye akaona mkono wa mwizi.

Alirudi maabara, akaipa kompyuta amri moja, na miti yote ikarudi nyumbani. Jakaranda ikashuka kutoka barabarani ikaketi kwenye ua wake. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Aliona aibu. Aliinuka aende kwa Daktari, akafika mlangoni, akajiambia kwamba Daktari ana wageni. Na kweli alikuwa na wageni. Jumatano wageni hawakuwepo. Daktari mwenyewe ndiye aliyemwita, akamwambia kwamba nafasi ya mradi ni yake, imebaki kutiwa sahihi tu.

"Asante, Daktari," Selpher akasema.

Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Usiku hakulala, Alhamisi hakula, na Ijumaa alasiri akachukua kompyuta yake akaenda Parklands, kwenye orofa alikoishi Mwaura na mama yake.

Mama mtu ndiye aliyefungua. Alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, miguu imevimba. Aliposikia jina akamshika mikono yote miwili, akasema kumbe ndiye Selpher, Mwaura humtaja kila siku, afadhali amekuja kwa kuwa kijana amekonda hataki kusema ana nini. Akamletea chai ya maziwa, akawaacha. Selpher alitamani sakafu immeze.

Mwaura alikuwa amekonda kweli. Kabla Selpher hajafungua kinywa, akaanza yeye.

"Nimefikiri sana, Selpher. Nadhani nilichanganya mahali, labda nilipozipanga zile namba kwa mafungu. Sikukusudia. Nimekuharibia kazi yako, na ninaomba unisamehe."

Ombi hilo la msamaha lilikuwa mezani, karibu na chai, na angeweza kulipokea. Angesema yameisha, wangekunywa, angeshuka ngazi akiwa mwema. Ukweli ni kwamba alilifikiria jambo hilo kwa pumzi moja nzima. Kisha akafungua kompyuta, akamgeuzia, akamwonyesha nukta kabla na baada.

Mwaura hakuhitaji maelezo. Macho yake yalikwenda kaskazini, yakarudi.

"Mfumo wa zamani," akasema polepole. Rangi ikamrudia usoni, akakaribia kutabasamu, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa ule. "Sikukosea hata moja."

"Hata moja. Ni mimi niliyekibadilisha kifaa. Nisamehe."

Akatikisa kichwa, bado anaitazama ramani, bado ana furaha ile. Halafu furaha ikasimama. Akamtazama.

"Uligundua lini?"

Selpher angeweza kusema leo. Neno lilimfika ulimini.

"Jumanne."

Mwaura akageukia dirisha. Nje mtu alikuwa akipiga honi ya gari ili afunguliwe lango, akapiga tena, akafunguliwa.

"Alhamisi niliitwa ofisini," Mwaura akasema. "Nikaambiwa nafasi umepata wewe. Nikasema unastahili."

Selpher alimwambia kwamba Jumatatu, saa za kazi zikianza tu, ataenda kwa Daktari na kumweleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho, na nafasi ataiacha. Alisema kwa moyo wote. Alikuwa anasema kweli. Lakini alimwona Mwaura akimsikiliza huku ameinamisha kichwa kidogo, akilipima kila neno, akitafuta lililofichwa nyuma yake, na Selpher akaujua mtazamo ule kwa sababu ulikuwa wake.

"Mpigie sasa," Mwaura akasema. "Nikiwa hapa. Weka kwa spika."

Hakuimba puani, hakukasirika. Alinyoosha mkono akaivuta kompyuta ya Selpher upande wake wa meza, akachomeka kijiti chake cha kuhifadhia data, akaanza kunakili faili, zile zilizohama na zile zilizorudi, bila kuomba ruhusa. Selpher hakumzuia. Alitafuta jina la Daktari Kilonzo kwenye simu, akabonyeza, akailaza mezani kati ya vikombe viwili.

Ikalia. Ikalia tena. Mwaura hakuitazama simu. Alikuwa anautazama mdomo wa Selpher.

"Naam, Selpher," sauti ya Daktari ikasema. "Kuna nini?"