Ndani ya Banda la Chui

Sekela alikuwa ndani ya banda jipya la chui, amechuchumaa mbele ya pango la mawe akikagua bomba la maji, aliposikia mlango wa chuma ukipanda. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na chui.

Banda alilibuni yeye mwenyewe, kwenye bustani ndogo ya wanyama ya mzee Balthazar, nje kidogo ya Tunduma. Kwa miaka mingi chui huyo alikaa kwenye kizimba kinachotazamwa pande zote, watu wakimtupia maganda ya miwa, malori yakipiga honi barabarani, naye akizunguka hapohapo mpaka nyayo zikachubuka. Sekela alimpa vichaka, miti ya kupanda na pango. Watazamaji akawaachia upande mmoja tu, nyuma ya kioo.

"Vichaka vyote hivi vya nini?" Balthazar hakuacha kulalamika. "Mtu avuke mpaka kutoka Nakonde na wanawe aje kutazama majani?"

"Mzee, mnyama asiye na pa kujificha haishi kuogopa. Akitulia atajitokeza mwenyewe."

Asubuhi hiyo wageni waliwahi. Balthazar alichungulia kwenye kioo, hakuona mtu, akavuta mnyororo wa kuinua mlango.

Chui alitoka taratibu, tumbo likigusa nyasi. Alipomwona Sekela akaganda, masikio yakalala. Mngurumo wake Sekela aliusikia kifuani kabla ya masikioni.

Kila kiungo kilimwambia aingie pangoni. Hapo ndipo alipoelewa: yupo mlangoni pa maficho ya mnyama huyu. Ilimbidi aondoke, aende mahali peupe.

Akajisogeza pembeni, mgongo ukisugua ukuta, macho ameyashusha. Mguu mmoja. Mwingine. Nje mtoto alipiga kelele. Chui akaruka.

Sekela alifumba macho. Upepo ukampita usoni, wenye harufu kali ya mnyama. Alipofumbua, mkia ulikuwa unapotelea pangoni, na Makene, mtunzaji wa chui, alikuwa amefungua mlango wa pembeni na kumshika mkono. "Toka, dada! Toka!"

Nje, Balthazar alikuwa amekaa chini mavumbini. "Nilichungulia, mwanangu. Sikukuona. Vichaka hivi nitavikata leo leo."

Sekela alitikisa kichwa. "Usiviguse. Weka kufuli kwenye mnyororo, ufunguo awe nao aliye ndani. Kusingekuwa na pa kujificha, mzee, angenikimbia aende wapi?"

Balthazar aliinuka, akajikung'uta vumbi. Jioni alimtuma Makene mjini kununua kufuli.

Wageni wengi waliondoka bila kuona kitu. Waliobaki walimwona jua likipoa: chui alipanda juu ya jiwe, akajilaza, akaanza kujilamba. Watoto walibandika nyuso kwenye kioo.

Sekela alimtazama akiwa mbali, karibu na geti. Makene alimwita asogee kwenye kioo. Alijaribu, miguu ikamkatalia.