Mlango Aliohama Nao Bibi Emerensiana

Miaka kumi na tisa Dokta Domitila alikuwa akiwafundisha wahandisi wa shahada ya uzamili hisabati tumizi, na hakuwahi kupata mwanafunzi mkaidi kama Nickolaus. Wala hakuwahi kumpenda mwingine kiasi hicho, ila hilo hakumwambia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ijumaa Nickolaus angesimama mbele ya jopo na modeli yake ya mafuriko ya Kilombero. Akianguka tena, masomo basi. Na modeli ilikuwa imegoma. Ng'ambo ya mto, Lupiro, Bibi Emerensiana hukata mstari kwa kisu kwenye fremu ya mlango wake kila maji yanapoingia, kuonyesha yalipofika. Nickolaus aliipima mistari ile yote, na majibu ya modeli hayakuifikia.

"Dokta, nikiongeza kidogo msuguano wa mto, maji yapande, inakubali," alisema wakiwa kwenye nyumba waliyopanga Mlabani kwa ajili ya utafiti.

"Inakubali, au unailazimisha? Inapungua kiasi gani?"

"Sentimita sitini. Miaka yote ya zamani. Ya karibuni iko sawa."

"Sitini kila mwaka? Mto hauna nidhamu hiyo. Twende."

Wakavuka daraja. Walimkuta Bibi barazani anapepeta mchele. Wakamwamkia, akaitika marahaba na kuwapa vigoda. Domitila akamuuliza habari za ule mlango.

"Aliuchonga marehemu mume wangu. Maji yalipoangusha nyumba ya kwanza, niliung'oa na fremu yake nikahama nao. Ningeuachaje?" Akaupigapiga msingi kwa mguu. "Hii ya sasa nikainyanyua."

Nickolaus alikwishapiga magoti na futi yake. Kutoka ardhini hadi mguu wa fremu, sitini kamili. Mistari ya zamani ilikatwa mlango ukiwa umekaa chini, yeye akaipima kutoka ardhini ukiwa juu ya msingi. Modeli haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Domitila alitamani kumkumbatia. Akajikohoza. "Sifuri yako ilikuwa wapi, mhandisi?"

Nickolaus akacheka, macho yamemlowa.

"Haya, mjukuu wangu," Bibi akasema, "masika haya hesabu zako zinasemaje?"

Nickolaus akapima mara mbili kutoka ardhini, kisha akachora mstari wa chaki kwenye fremu. Bibi akautazama ule mstari, akaweka ungo chini, akaingia ndani. Wakamsikia akiburuta gunia.

"Njooni mnisaidie," aliita. "Mbegu zangu ziko chini ya mstari."